Nasaha kwa Mtu wa Pili

Wajukuu zangu,

Nimewasikia mkibishana juu ya manabii. Mmoja wenu anasema wote ni matapeli. Mwingine anasema tusihukumu tusije tukahukumiwa. Wa tatu hasemi kitu, lakini simu yake haikauki mahubiri ya usiku wa manane. Nawaandikia wote, wala sikusudii kuwatajia nabii wa kweli ni nani na wa uongo ni nani. Hilo lina Mwenyewe. Nataka kuwaonya juu ya lile lililo mikononi mwenu.

Wachache sana kati yenu mtatokewa na malaika au kusikia sauti ikiwaita usiku. Lakini karibu kila mmoja wenu atajiwa siku moja na mtu aliyetokewa. Huenda akawa shangazi, rafiki wa chuoni, mfanyakazi mwenzako au mpangaji wa chumba cha jirani. Atakuja na macho mekundu ya kukosa usingizi, atafunga mlango, atakwambia kwamba ameona. Tangu hapo wewe ni mtu wa pili. Nami katika miaka yangu yote ya kusoma na kusikiliza habari za watu hawa nimejifunza jambo moja: anayeona huleta maono tu, lakini anayeyageuza maono hayo kuwa dini, kambi au jeshi ni mtu wa pili. Vyaelea vimeundwa, wanangu, na waundaji mara nyingi si wale wanaoimbiwa sifa.

Jambo la kwanza nawaomba msicheke. Watu huona. Wameona tangu dunia kuwapo, na dini tulizorithi kwa wazee wetu zote zina mtu aliyesimama peke yake mahali fulani akajiwa na asichokitarajia. Waislamu wenzangu wanajua kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimfikie, alipotoka pango la Hira alirudi nyumbani akitetemeka na kuomba afunikwe. Hakutoka pale kwenda sokoni kuhutubia. Bi Khadija alimfunika, akamtuliza, akamkumbusha tabia yake mwenyewe: kwamba anaunga udugu, anawabeba wanyonge, anamkirimu mgeni. Kisha akampeleka kwa Waraqa bin Naufal, mzee aliyesoma maandiko ya waliotangulia. Tazameni kazi ya mtu wa pili ilivyofanywa pale. Mke alipima kwa tabia aliyoishi nayo miaka kumi na tano, na mzee akapima kwa elimu.

Na ndugu zetu Wakristo wanaye Eli. Mtoto Samweli alisikia sauti usiku, akakimbia mara tatu kwa mzee akidhani ndiye aliyemwita. Eli alipoelewa hakujitwalia ile sauti, alimrudisha mtoto akalale na kumfundisha la kujibu. Asubuhi akamtaka amweleze yote bila kuficha, na habari yenyewe ilikuwa ya hukumu juu ya nyumba ya Eli. Wanaye pia Anania wa Dameski, aliyeagizwa kwenda kwa Sauli, mtesi wa waumini. Alieleza hofu yake waziwazi kwanza, kwa kuwa alijua sifa za yule mtu, ndipo akaenda. Hao ndio watu wa pili wa kuigwa: mmoja alikuwa tayari kusikia neno linalomuumiza, mwingine alithubutu kuuliza hata alipoamini kwamba anayemwagiza ni Bwana wake.

Sasa niwapeleke karibu na nyumbani, maana mifano ya vitabuni ni myepesi kukubalika.

Mwaka 1904, huko Ngarambe, upande wa Rufiji na Umatumbi, alikuwapo mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Masimulizi ya wazee, yaliyokusanywa na wanahistoria wa Dar es Salaam miaka ya 1960, yanasema alichukuliwa na pepo Hongo akaingia majini, na ndugu zake wakadhani amekufa. Siku ya pili akatoka na nguo zake kavu, akaanza kusema. Wakati huo watu wa kusini walikuwa katika dhiki kubwa. Wajerumani walikuwa wameleta kodi, na maakida wao walikuwa wakiwasukuma watu kwa viboko katika mashamba ya pamba. Kumbukeni hilo katika kila habari nitakayowapa: maono hayaoti pasipo na dhiki. Watu walioshiba na wenye amani huota pia, lakini hakuna anayefunga safari kwenda kusikiliza ndoto zao.

Watu walifunga safari kwenda Ngarambe kwa makundi. Walipewa maji, wakaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Watu wa makabila ambayo hayakuwahi kukaa pamoja wakawa na neno moja. Msimdharau Kinjikitile kwa hilo, kwani umoja ule ulikuwa wa kweli na dhuluma waliyoipinga ilikuwa ya kweli. Lakini tazameni mwendo wa neno lenyewe. Masimulizi yanasema aliwaambia wangoje mpaka atoe amri. Wamatumbi walichoka kungoja. Mwezi Julai 1905 walikwenda kung'oa pamba kule Nandete, na vita ikaanza. Mwanzoni mwa Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile kule Mohoro. Mwenye maono alikuwa amekwisha kuzikwa, na vita ilikuwa bado changa! Wabebaji wa maji waliendelea kuyapeleka kila upande. Omari Kinjala aliyafikisha Ungoni. Tarehe 30 Agosti maelfu walilishambulia boma la Mahenge, wakaikuta bunduki ya rashasha mbele yao.

Vita ile ilidumu hadi 1907, na baada ya risasi ikaja njaa, kwa kuwa Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja hata 250,000 na 300,000. Mliosoma tamthilia ya Ebrahim Hussein juu ya Kinjikitile, iliyotoka mwaka 1969, mnakumbuka jinsi alivyoliona jambo hili: neno likishatoka kwa aliyelinena halimtambui tena. Kwangu mimi swali si kama Kinjikitile alisema kweli. Swali ni la yule kijana wa kijiji cha mbali, ambaye hakuwahi kumwona Kinjikitile, aliyepewa maji na mtu aliyepewa na mtu mwingine. Alimwuliza nani? Aliyempa hakuona kitu, alisikia tu, naye akasema kwa uhakika kuliko yule aliyeona. Hiyo ndiyo tabia ya maneno ya namna hii, yakipita mikono mitatu hupoteza shaka yote.

Wala msidhani yaliishia hapo. Miaka 80 baadaye, Uganda ya kaskazini ilipokuwa imechanwa na vita, Alice Auma, mwanamke wa Kiacholi, alisema amevamiwa na roho aitwaye Lakwena. Alikwenda Paraa, kwenye Mto Nile, akakaa siku 40, akarudi kuwa mganga. Mwaka 1986 uganga ukageuka jeshi. Askari wake walipakwa mafuta ya mti wa shea ili risasi zisiwapate, wakaenda vitani wakiimba. Walifika karibu na Jinja mwaka 1987, na huko wakavunjwa. Yeye alikimbilia Kenya, akafia katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab mwaka 2007. Katika nchi ileile na dhiki ileile alizuka Joseph Kony, na yaliyofuata mnayajua.

Mtaniuliza: je, hakuna maono yaliyozaa heri? Yapo, na ni lazima myajue ili msiwe watu wa kukataa kila kitu. Simon Kimbangu wa Nkamba, Kongo ya chini, alikuwa Mbatisti wa kawaida. Mwaka 1918, wakati homa ya mafua ilipokuwa inaua watu duniani kote, alisikia akiitwa awaponye na kuwafundisha watu wake. Alikataa. Alikimbilia Kinshasa kutafuta kibarua, na wito ukamfuata huko. Ni mwaka 1921 tu, tarehe 6 Aprili, alipomwekea mikono mwanamke mgonjwa, na habari ikatapakaa. Watu waliacha mashamba na hospitali za misheni wakamiminika Nkamba. Aliwaagiza watupe hirizi, waoe mke mmoja, waache ngoma za ulevi. Hakuwaagiza kushika silaha. Wabelgiji walipoanza kumwinda alijificha kwa miezi kadhaa, kisha mwezi Septemba akajisalimisha mwenyewe. Mwezi Oktoba mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Mfalme wa Ubelgiji aliibadilisha hukumu ikawa kifungo cha maisha. Alihubiri kwa muda usiotimia nusu mwaka, akakaa gerezani miaka 30, akafia Lubumbashi tarehe 12 Oktoba 1951.

Ni nani basi aliyelifanya kanisa lile kuwa kanisa? Mkewe, Marie Muilu, na wale walioomba kwa siri wakati maelfu ya wenzao walipokuwa wakihamishwa kwa nguvu na kutawanywa mikoani. Baadaye mwanawe Joseph Diangienda alilisimamisha wazi, serikali ikalitambua Desemba 1959, na mwaka 1969 likapokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Leo lina shule na hospitali. Watu wa pili wa Kimbangu walikuwa wavumilivu, wakaujenga wito wake bila kumwaga damu. Hata hivyo nao hawakukoma pale alipokoma yeye. Walimpandisha mwanzilishi wao daraja baada ya daraja, hadi kanisa lenyewe likamtangaza kuwa Roho Mtakatifu katika mwili wa mtu, jambo lililowagombanisha na makanisa mengine. Kwa hiyo hata penye heri, angalieni: aliyekufa hawezi tena kusema, "Mimi sikusema hivyo."

Hapa Tanzania tulimwona mzee Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Alisema alioteshwa dawa ya mti wa mugariga. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kilomita kwa kilomita porini, watu wakinywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Mawaziri walikwenda, wagonjwa waliotoroshwa wodini walikwenda. Madaktari walilazimika kuwasihi watu wasiache dawa zao. Ninyi mnacheka mkikumbuka, nami nataka mlione jambo ambalo hamkuliona wakati ule. Yule mzee hakuanzisha kanisa. Hakuandikisha wanachama, hakuwaambia watu wauze nyumba, hakumtenga mke na mume. Ulikunywa, ukapanda gari, ukarudi kwenu. Umati ulipopungua, mambo yakaisha. Madhara yalikuwapo kwa walioacha dawa, lakini hapakuwa na ukuta wa kumzuia mtu asitoke. Kwa hiyo umati peke yake si kipimo cha hatari. Kipimo ni kinachojengwa kuuzunguka.

Na hapo nafika Kanungu, habari ninayotaka mkae nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kusini magharibi mwa Uganda, Credonia Mwerinde, mwanamke aliyekuwa mwenye baa, alisema Bikira Maria anamtokea katika mapango ya Nyabugoto. Ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa unafagia vijiji, na waumini wengi walikuwa na uchungu na kanisa lao. Mwerinde peke yake asingefika mbali. Alimpata Joseph Kibwetere, mwalimu na mwanasiasa aliyeheshimiwa, Mkatoliki mwenye mali na jina. Huyo ndiye mtu wa pili: aliifungua nyumba yake, na heshima yake ikawa cheti cha yule mwanamke. Kisha akaja padri Dominic Kataribabo, aliyesoma hadi Marekani, akayapa maono lugha ya teolojia. Maono yakaandikwa kitabu, chama kikasajiliwa, mashamba na majengo vikanunuliwa kwa mali za waumini waliouza walivyokuwa navyo.

Ndipo zikaja kanuni. Wanachama walikatazwa kuzungumza, wakawasiliana kwa ishara za mikono. Mume na mke walitenganishwa. Sheria ya kunyamaza waliieleza kwa hoja nzuri: asiyesema hawezi kumshuhudia jirani yake uongo. Lakini fikirini inafanya nini. Watu mia kadhaa wanaishi pamoja, na hakuna anayeweza kumnong'oneza mwenzake, "Hivi wewe unaonaje?" Palipo na swali moja la pembeni, pana uwezekano wa kuondoka. Kanungu walilizima swali lile kwa jina la utakatifu.

Kisha wakataja tarehe. Dunia ingekwisha mwaka 1999 ukimalizika. Mwaka ulikwisha, dunia ikabaki. Jamaa za waumini walisimulia baadaye kwamba baadhi ya watu walianza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa la Kanungu lilichomwa moto, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, na mamia wakiwemo watoto wakateketea ndani. Kisha polisi walifukua makaburi ya halaiki katika nyumba nyingine za chama, yenye watu waliokufa kabla ya moto. Jumla yao ilizidi 700. Mwerinde na Kibwetere hawakuwahi kufikishwa mahakamani.

Miaka 23 baadaye, karibu na pwani yetu hii, msitu wa Shakahola nyuma ya Malindi ulianza kutoa maiti. Watu waliambiwa wafunge kula ili wamlaki Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, wengi wakiwa wanawake na watoto. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani pamoja na wenzake, wakakana mashtaka. Ya hukumu nawaachia mahakimu. Mimi naangalia hatua zilizotangulia. Kabla ya msitu kulikuwa na mafundisho kwamba shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, vitambulisho vya serikali ni alama ya mnyama. Kila fundisho lilifunga mlango mmoja. Mwalimu angegundua mtoto hayupo. Daktari angegundua mtoto amekonda. Karani angegundua jina limekosekana. Walipofika msituni hapakuwa na mtu wa nje aliyebaki kuhesabu.

Kwa nini basi nawaambia msikate tamaa na walioona? Kwa sababu wazee wetu walijua namna ya kuishi na maono bila kuyaacha yawe bwana. Angalieni watu wa tarika, yaani njia za Kisufi. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa alikwenda Baghdad, akasoma, akapewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, ya tarika ya Qadiriyya, ndipo akarudi kuifundisha Zanzibar na Mrima mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mtu wa tarika anaweza kuona mengi katika dhikri yake, lakini hawezi kujipa ijaza mwenyewe. Ana sheikh, na sheikh ana sheikh, na silsila ile inajulikana jina kwa jina. Analoliona analipeleka kwa anayemzidi. Na juu ya tarika zote wamesimama wanazuoni wa sheria na kauli yao: ndoto haihalalishi kilichoharamishwa wala haiharamishi kilichohalalishwa. Ukioteshwa kusali zaidi, sali. Ukioteshwa kuchukua mali ya jirani, lala tena.

Na kwa Wakristo angalieni walokole wa uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, na kutoka kwao ukawaka moto uliosambaa Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walikuwa na makosa yao. Kelele zao ziliwachosha wengi, na mwaka 1941 wanafunzi wao kadhaa walifukuzwa chuo cha Mukono. Lakini walikuwa na desturi mbili zilizowalinda. Ya kwanza, kila mtu aliungama dhambi zake mbele ya wenzake, Mzungu kwa Mwafrika, kiongozi kwa mfuasi, na hakuna aliyekuwa mkubwa kiasi cha kutoulizwa. Ya pili, wengi wao walikataa kutoka katika makanisa yao, wakabaki ndani wakionekana na kukosolewa. Uamsho wao haukuwa na nabii mmoja. Ulikuwa na ndugu.

Mnaona basi ninakoelekea. Dini mpya huzaliwa kwa hatua, na kila hatua ina mtu aliyekubali jambo fulani. Mmoja alikubali kunyamaza. Mwingine alikubali kutoa nyumba. Mwingine alikubali kuandika. Mwingine alikubali kusimama mlangoni. Siku hizi kuna hatua mpya ambayo mnaivuka bila kuhisi. Maji ya Ngarambe yalibebwa kwa miguu, kijiji hadi kijiji, na hata hivyo yalimshinda kasi aliyeyatoa. Ninyi mnabonyeza kidole mara moja, na ushuhuda wa mtu msiyemjua unafika Mwanza, Mombasa, Bujumbura na Muscat kabla hajamaliza kusema. Anayesambaza ni mtu wa pili. Msiseme, "Mimi nimetuma tu."

Basi shikeni maswali haya matano. Mwulizeni yeyote atakayewajia na ufunuo, awe fukara au mwenye ndege.

La kwanza: ufunuo huu unamgharimu nani? Kimbangu aliukimbia wito wake miaka mitatu, na ulipompata ukampeleka gerezani. Ukiona sauti ya mbinguni inampunguzia mzigo aliyeisikia na kuuweka mgongoni pako, inampa yeye nyumba na wewe mfungo, simama.

La pili: je, anaweza kuulizwa? Kuna mtu yeyote duniani, mwenye jina, anayeweza kumwambia hapana naye akasikia? Kama jibu ni Mungu peke yake, basi ni yeye mwenyewe peke yake.

La tatu: unaambiwa umwache nani? Mafundisho mengi yatakutaka uache ulevi, na hayo ni mema. Lakini ukitakiwa uache mama yako, mkeo, mwalimu wa mtoto wako au daktari wako, mtu anakuondolea mashahidi.

La nne: je, ametaja siku? Mwenye kutaja siku amejifunga kitanzi, na siku ikipita atatafuta shingo nyingine ya kukivalia. Waliouza kila kitu kwa ajili ya tarehe hawawezi kukiri kwamba wamekosea, kwa sababu hawana pa kurudi. Ndiyo maana tarehe iliyopita ni ya hatari kuliko tarehe inayokuja.

La tano: mlango wa kutokea uko wapi? Uliza kabla ya kuingia. Tafuta mtu aliyewahi kutoka, msikilize. Kama hakuna aliyetoka salama, au wote waliotoka wanaitwa wasaliti na wamelaaniwa, umeshapata jibu.

Najua mtasema mzee anazungumza kama hajui maisha ya siku hizi. Najua. Najua kijana mwenye shahada anavyokaa nyumbani miaka bila kazi, najua binti anavyolia kwa kukosa mtoto, najua mtu mwenye ugonjwa asiyemudu dawa yake. Manabii hawawavuti wajinga, wanawavuta wenye maumivu, na Kataribabo alikuwa msomi kuliko wote tuliopo ukoo huu. Ndiyo sababu siwaambii mtegemee akili zenu. Mkiumia, akili ndiyo ya kwanza kuchoka. Tegemeeni watu: mwe na mtu mmoja nje ya kila kundi mnaloingia, anayejua mlipo na anayeruhusiwa kuwauliza.

Kwa hiyo siku ile ikifika, na mtu amefunga mlango na kukwambia ameona, mpe chai, mwache aseme mpaka amalize. Usimcheke na usimsujudie. Mwulize maswali yangu matano, moja baada ya jingine, kwa upole. Akijibu, mwambie mwende pamoja kwa mtu wa tatu mnayemheshimu nyote wawili, mwenye elimu ya dini yenu na asiye na faida katika jambo hilo. Akikubali, huenda umemsaidia mtu wa Mungu. Akikataa kuulizwa, mwambie unampenda, kisha mwambie hapana. Usimpe ufunguo wa nyumba wala namba yako ya siri, na mtoto wako usimwachie hata kwa mkesha mmoja.

Babu yenu